Mama Aliniita, Kidonda Kikanuka

Sifa kwa Bwana aliyenifikisha, ndugu zangu. Wakati wa vita nilitoka Kisangani kwa miguu, nikakatiza msitu hadi Beni, kisha nikafika Butembo juu ya magunia ya lori. Katika kila kizuizi niliwadanganya askari jina langu. Mtu aliyesafiri hivyo haamini hata kivuli chake.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Vulamba mle mle Butembo, nilimkuta mama amepooza upande mmoja, na chini ya kiuno ana kidonda cha kulala siku nyingi. Dada yangu Masika ndiye aliyekuwa akimwosha. Juma lile lile alishuka Beni kutafuta dawa, na mapigano yakafunga barabara nyuma yake.

Muuguzi Muhindo wa zahanati ya kanisa alipita kwetu mara moja kwa juma. Alikataa tumpeleke mama hospitali.

"Kule mutauzisha shamba, na kumuosha itabaki kazi yenu. Donc, basi, mubaki hapa. Miye nitakufundisha, weye utafanya."

Ndugu zangu, nilimshuku. Muuguzi gani anakunywa chai huku wengine wanafanya kazi yake? Hata maji ya chumvi aliyochemsha niliyaonja kwanza, nikitafuta sumu. Tena kwetu, mwanamume akiona uchi wa mama yake, amejitafutia laana. Nikasema moyoni, mtu huyu anataka kuniharibu.

"Papa Muhindo, weye uko na mama alikuzaa?" nikamuuliza.

"Niko naye. Lakini kidonda haiulizake ni mukono ya nani."

Nikakaa nje. Wanawake wa jirani, ambao wangemwosha, walikuwa wamekimbilia mashambani kwa hofu ya vita. Harufu ikanifuata hadi mlangoni. Ndipo mama, kwa mdomo wake uliopinda, akaniita.

"Kambale, miye nilikuoshaka. Nani alinilaani?"

Nikapiga magoti, nikaomba, nikaingia. Nikawa namwosha na kumgeuza asubuhi na jioni. Mapigano yalipokaribia, Muhindo hakuweza tena kuja, na wagonjwa wa hospitali wakatawanyika, wamebebwa migongoni mwa ndugu zao. Mama alibaki kitandani pake, na kidonda kikafunga. Bwana alikuwa ameniondolea hofu ya laana. Muhindo bado namshuku kwa mambo mengine, ila katika hili alisema kweli.

Barabara ilipofunguka, Masika akarudi kumwosha mama, nami nikawa huru kuendelea na safari. Asubuhi niliyoondoka, nilisikia mama akimgombeza ndani: "Mikono yako iko baridi. Ya Kambale ilikuwa muzuri."

Nikashika njia ya Lubero bila kugeuka. Ndugu yangu unayesimama mlangoni pa mgonjwa wako, mtumaini Mungu, uingie.