Shangazi na Msumari wa Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa mafundi wa bodi katika karakana yetu ya mitambo ya pampu atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo stoo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja kazini. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe. Afisa utumishi aliyekuja na hesabu tofauti alirudishwa ofisini kwake akahesabu upya, na kweli alikuwa amekosea siku tatu.

Kwenye faili ana jina kamili, lakini hapa hakuna anayelitumia. Wiki yake ya kwanza, mtunza stoo wa wakati huo, ambaye ni mtoto wa kaka yake, alimwita shangazi mbele ya watu. Kufikia Ijumaa mafundi wote walikuwa wakimwita hivyo. Mameneja watano wamepita tangu hapo, na wote walimwita Shangazi, hata yule aliyekuwa amemzidi umri kwa miaka saba.

Alianza kwa kulehemu nyaya za paneli, kuanzia asubuhi mpaka jioni, enzi ambazo pampu ziliwashwa kwa mkono na mtu aliyekaa nazo chumba kimoja. Baada ya miaka tisa zikaja kompyuta ndogo za kuendesha pampu: hazina kioo wala kibodi, ni bodi ya kijani tu ndani ya sanduku la chuma ukutani, na kadi kadhaa zimechomekwa juu yake. Aliyetuuzia alitoa mafunzo ya siku mbili, akaacha kitabu kinene, akaenda zake. Wengine waliogopa kukifungua. Shangazi alikibeba nyumbani. Mume wake, fundi cherehani anayefahamika na nusu ya wafanyakazi wetu kwa sababu ndiye anayewapunguzia suruali, hulalamika hadi leo kwamba alioa mke mmoja akaletewa kitabu kama mke wa pili.

Kwa wenzetu wa idara ya usafiri na masjala, maelezo kidogo. Kadi zote za bodi hutumia njia moja ya mawasiliano kumfikia prosesa, ambaye ndiye bosi wa humo ndani. Kila kadi hupewa namba yake ya kumwita. Kadi mbili zikipewa namba moja, bosi husikia anaitwa, humkimbilia asiye na shida, na mwenye shida huachwa akisubiri. Mwishowe kila kitu huganda. Moshi hakuna, harufu ya kuungua hakuna, na kila kadi ukiipima peke yake ni nzima kabisa. Ni ugonjwa wa kumkunisha fundi kichwa mpaka nywele zimtoke.

Meneja wetu wa pili aliwahi kupatwa na ugonjwa huo kwenye kompyuta ya mezani kwake. Kila akigusa kipanya, printa inasimama. Kwa miezi miwili alisubiri printa itoe barua huku mikono ameiweka mapajani, akiamini ndivyo kompyuta zinavyotaka. Shangazi aliingia kuomba sahihi ya likizo, akamkuta amekaa hivyo, akadhani bosi anasali, akatoka kimyakimya. Alipoelezwa ukweli alirudi na bisibisi. Dakika kumi baadaye meneja aliruhusiwa kutumia mikono yake, na likizo ikasainiwa.

Ili magomvi hayo yasitokee vituoni, Shangazi alitengeneza ubao. Ni kipande cha mbao chenye misumari kumi na sita, kila msumari na namba yake. Kila kadi ina kibati kilichokatwa kwenye kopo, kimeandikwa jina lake. Tangu siku hiyo hakuna kadi iliyotoka karakana bila kupita ubaoni. Unakuja na kibati chako, Shangazi anagusa msumari na kuuliza, "Nani anakaa hapa?" Unajibu kwamba hakuna mtu. Kibati kinatundikwa, anaitaja namba kwa sauti, nawe unairudia. Wageni wote walicheka siku ya kwanza, nami nilicheka.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu niliambiwa nisijitaje. Nimejaribu na nimeshindwa, kwa hiyo mhariri wa jarida letu anisamehe.

Miaka kumi na saba iliyopita nilikuwa na miezi mitano tu hapa, bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Nilitumwa peke yangu kituo cha tatu, kinachopeleka maji hospitali na nyumba za mlimani, kufunga kadi mpya ya kupima kina cha tangi. Nilipita ubaoni kama kila mtu. Msumari wa nne ulikuwa mtupu. Tulitundika kibati, nikairudia namba, nikaenda kuifunga kadi, ikafanya kazi. Kesho yake mtambo uliganda, pampu zikazima, na hospitali ikakosa maji hadi mlinzi alipokata umeme na kuurudisha. Ndani ya wiki mbili uliganda mara tisa.

Maneno yakaanza kuzunguka. Ilisemekana nimeunguza bodi kwa haraka zangu, maana kabla sijaigusa ilikuwa nzima. Nilikana, ila kwa sauti ya mtu ambaye naye ameshaanza kuamini. Meneja hakunigombeza. Aliniita, akaniambia kwa upole kwamba barua ya kuniachisha kazi imeshachapwa na ataisaini Jumatatu. Nyumbani sikusema kitu. Mama alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe amepata kazi ya kudumu.

Jumatano Shangazi aliomba gari. Alichukua daftari, chupa ya chai na mimi. Siku nzima tulichomoa kadi zote na kuzirudisha moja moja, tukisubiri kila mara. Hakuna kilichoganda. Jioni tulifunga sanduku, tukaondoka, na gari halijafika barabara kuu mlinzi akapiga simu kwamba mtambo umeganda. Alhamisi ikawa vilevile. Mlinzi alisema mashine inamwogopa mama huyu, akiwepo inajikaza.

Ijumaa hakugusa bodi. Aliomba daftari la mlinzi, lile linaloandikwa muda kila pampu zinapowashwa upya, akalisoma huku akinywa chai. Saa nne na dakika tatu. Saa nane na dakika mbili. Saa moja na dakika nne. Mara zote ilikuwa saa imetoka tu kugonga. Akaniuliza ni nini humu ndani kinachofanya kazi kila saa kamili. Nilifikiri kidogo nikasema ni mita, hutuma ripoti ya maji yaliyopita. Akauangalia waya wa mita, ambao asubuhi hiyo nilikuwa nimeshauchomoa kwa mazoea na kuulaza sakafuni. Siku zote mbili tulikuwa tunauchomoa asubuhi ili tupate nafasi ya kufanyia kazi, na jioni tunaurudisha.

Tukauchomeka na kukaa. Saa tano ilipita salama. Saa sita, mita ilituma ripoti wakati huohuo maji ya tangi yakipanda na kadi yangu ikiita, na taa ya kijani ya bodi ikaacha kupepesa, mtambo umeganda. Waya wa mita ulikuwa umeingia kwenye tundu lililojengwa ndani ya bodi yenyewe. Tundu hilo si kadi. Halina kibati. Lakini kiwandani lilishapewa namba nne. Ubao wa misumari ulitengenezwa kwa bodi za zamani ambazo hazikuwa na tundu hilo, na bodi mpya zilipokuja, Shangazi hakukumbuka kulitundikia kibati. Msumari wa nne ulionekana mtupu, kumbe una mwenyewe.

Shangazi alisogeza swichi ndogo ya kuchagulia namba pembeni mwa kadi yangu kutoka nne kwenda kumi. Kituo cha tatu hakijaganda kwa sababu hiyo tena.

Angeweza kuishia hapo. Mtambo umepona, nani angemuuliza zaidi? Jumatatu niliitwa kwa meneja, barua iko mezani. Shangazi aliingia bila kubisha hodi.

"Namba hiyo niliitoa mimi," alisema. "Huyu alifunga nilichomwambia afunge. Kama kuna barua ya kusainiwa leo, andika jina langu."

Meneja alimuuliza kama ana uhakika na anachokisema. Alijibu kwamba ubao uko ukutani, aende akautazame. Barua yangu ikachanwa mbele yangu. Tulipotoka pale nikafungua mdomo nimshukuru, naye akanituma stoo nikalete kopo la kukatia kibati kipya.

Tangu hapo amewafundisha mafundi ishirini na wawili, amesimamia bodi za vituo kumi na kimoja, na kuna hospitali mbili ambazo hazijui kwamba zimenawa mikono miaka yote hii kwa sababu yake. Hayo yapo kwenye taarifa za mwaka na kila mtu anayajua.

Jambo ambalo hatukulijua nimelikuta wiki iliyopita. Kwa ruhusa yake nilipewa faili lake ili nipate tarehe sahihi. Ndani yake kuna barua ya kumpandisha cheo kuwa mkuu wa mafundi wa bodi. Tarehe yake ni Jumatatu ileile. Imechapwa, ina muhuri, haina sahihi, na juu yake meneja ameandika kwa kalamu: isitishwe, amekiri kosa la kituo cha tatu. Barua ya pili, iliyosainiwa, ilikuja baada ya miaka sita. Miaka yote hiyo aliongozwa na fundi ambaye Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika chuma cha kulehemu, na hatukumsikia hata siku moja akinung'unika.

Nilimuuliza Jumanne, tukipanga vitabu vyake kwenye boksi, kama siku ile aliijua barua hiyo. Alisema ndiyo. Meneja alimdokeza Ijumaa jioni tuliporudi kutoka kituoni, na hadi Jumapili mume wake alikuwa ameshamshonea gauni la kupokelea cheo. Lilikaa kabatini miaka sita. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Aliweka kitabu alichoshika ndani ya boksi.

"Ungejua, ungekuwa unanitazama mimi badala ya kutazama bodi," alisema. Kisha akaniomba nimshikie boksi vizuri, linamponyoka.

Shangazi, karakana nzima inakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, na simu isiyolia kutoka kituo chochote. Mume wako tunamrudishia mke wake, na kitabu tunakibakiza. Hayo ni ya wote. Langu ni lile ambalo siku ile hukuniachia nafasi ya kulisema. Kwa miaka kumi na saba nimelisha wanangu, nimemuuguza mama yangu na nimejifunza ufundi kwa kazi ambayo ungeweza kuniacha niipoteze, na hakuna ambaye angejua. Asante.