Wenceslas Feruzi Lusangi, Aliyepanda Majani ya Mashimo Tisa

Baba Paroko, mashehe mliokuja kwa upande wa mama yetu, Patroni Mugisho na wafanyakazi wote wa uwanja wa gofu wa Kasongo, majirani wa avenyu yetu, ndugu na jamaa, tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu leo Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, mkaja kusimama nasi. Historia hii imeandikwa na familia, mezani kwa mjane, na anayewasomea ni Iliasi, shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa wetu, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, ambaye mjane amemwomba aisome yote bila kuruka mstari, hata ile mistari ambayo yeye mwenyewe angependa irukwe.

Marehemu Wenceslas Feruzi Lusangi alizaliwa Nyangwe tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa katekista Lusangi na mama Aziza binti Sumaili, ndoa iliyotikisa vichwa vya wengi siku zile, kwa kuwa mume alikuwa wa kanisa na mke wa msikiti, na wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba mtoto wa kwanza atakuwa wa baba na wa pili atakuwa wa mama, ndiyo maana kaka alibatizwa na mdogo wake akaenda madrasa. Nyumbani hawakuwahi kugombana kwa ajili ya Mungu, waligombana kwa ajili ya samaki wa Lualaba, nani apewe kichwa na nani apewe mkia, na kaka alikuwa anashindwa kila mara, kwa hiari yake.

Alisoma shule ya msingi ya misheni pale Nyangwe kuanzia 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari hapa Kasongo, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kwa mwandiko, lakini mwezi wa Novemba 1976 baba alifariki, na mwaka wa nne ulipokwisha hakurudi darasani, kwa sababu karo ilitosha mtoto mmoja tu, naye alisema Iliasi ana kichwa chepesi kuliko chake. Hilo halikuwa kweli, na vyeti viko sandukuni, anayetaka atazame.

Mwezi wa Juni 1978, akiwa na miaka kumi na saba, alikwenda kwa miguu hadi upande wa Kabambare, akapata kazi ya kufyeka majani katika kambi ya kampuni moja ya madini, ambako mainjinia walikuwa wamejitengenezea uwanja wa gofu wa mashimo sita. Gofu, kwa wale ambao hawajaiona, ni mchezo wa kupiga kampira kadogo kwa fimbo mpaka kaingie katika kashimo, na jasho lote la mtunza uwanja linaishia pale karibu na kashimo, mahali wanapopaita grini, ambapo majani yanatakiwa kuwa mafupi na sawa kama mkeka mpya. Mainjinia wale hawakuweza kuotesha majani ya namna hiyo, basi grini zao zilikuwa za mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya mashine, ukashindiliwa na kulainishwa kwa ubao mpaka mpira ukatembea juu yake bila kurukaruka. Kaka aliijua kazi hiyo kuanzia kuchekecha mchanga mpaka kuvuta ubao, na mwaka 1989 akawekwa kuwa msimamizi, cheo alichokishika mpaka vita vya 1996 vilipofunga kambi.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa hapa Kasongo na Émérance Nsimire, binti wa muuguzi, ambaye alimkataa mara mbili kabla ya kumkubali, na sababu aliyoitoa, ambayo ametukubalia tuiseme leo, ni kwamba mwanaume huyu alikuwa akija kumchumbia anaanza kung'oa magugu ya uani kabla hajasalimia. Mungu aliwapa watoto watano, wanne wako hai, nao ni Benoît aliyeko Kindu, Chadia aliyechukua jina la bibi mzaa bibi, Ibrahim, na kitinda mimba Esther-Divine, na yule wa tatu, Gédéon, alituacha akiwa na miaka miwili, tarehe 3 Februari 1999, tukiwa porini kukimbia mapigano, na kaka alimzika kwa mikono yake na hakupenda kuulizwa habari za mahali pale.

Miaka iliyofuata haikuwa ya cheo. Alilima mpunga, alisukuma baiskeli yenye bidoni za mafuta ya mawese kutoka Kasongo hadi Salamabila na kurudi, siku tano kwenda na siku nne kurudi, alijenga nyumba ya matofali chumba kimoja kila mwaka, na kama kuna mtu aliyewahi kumsikia akilalamika, basi mtu huyo alimfananisha.

Mwezi wa Aprili 2021 Patroni Mugisho, ambaye biashara ya dhahabu ya Salamabila ilimnyookea na ambaye alijifunza gofu akiwa safarini Uganda, alinunua shamba la zamani la pamba nje ya mji, akamtafuta mtu anayeujua mchezo huo, akaambiwa yuko mmoja tu, anasukuma baiskeli. Kaka akawa mkuu wa uwanja. Safari hii aliapa kwamba grini zitakuwa za majani, akazunguka mji mzima akichimba ukoka mzuri kando ya njia, nyuma ya misheni, hata makaburini, akaupanda kipande kwa kipande kwa kidole, kama mama anavyopanda matembele, mashimo tisa, miezi ishirini na mitano, na katika kiangazi alikuwa akimwagilia saa kumi na moja asubuhi, anapita na kopo kabla ya jua. Majirani walimcheka kwamba amekula chumvi yote hii akaishia kulea majani.

Mwaka 2023 ndipo kazi hiyo ilipofika pa kufa na kupona. Shindano kubwa la wachezaji wa kulipwa lilikuwa limepangwa Lubumbashi kuanzia tarehe 7 Septemba, na Patroni aliwaandikia wachezaji hao waje kwanza Kasongo kwa wiki moja, wafanye mazoezi katika utulivu, juu ya majani ya namna ile ile watakayoyakuta huko. Wao wakajibu kwamba watamtuma Madame Régina, kutoka Lubumbashi, akague uwanja Jumamosi tarehe 19 Agosti, na akiukataa, wataenda kwingine. Patroni alisema wazi mbele ya wafanyakazi arobaini na sita kwamba wachezaji wasipokuja mwaka huo, shamba litakatwa viwanja na kuuzwa. Kaka alianza kulala uwanjani.

Tarehe 10 Agosti alikwenda Nyangwe kutafuta mchanga mwembamba wa mtoni, wa kunyunyiza kidogo juu ya majani ili yasimame vizuri, na akawaachia watu neno moja, kwamba wageni wanakuja, uwanja uwe safi.

Sasa hapa, ndugu, ndipo mstari ule ulipo. Mnajua wenyewe kwamba kwetu mahali safi ni mahali pasipo na jani, ua wa mtu mwenye heshima unapaliwa na kufagiwa mpaka udongo ung'ae, na mgeni akikuta majani mlangoni pako anajua nyumba hii ina wavivu au ina nyoka. Jumamosi tarehe 12 Agosti shefu wa avenyu alipiga filimbi, akaita salongo, kazi ya pamoja, kwa furaha kabisa na bila kumwuliza mtu, watu sitini wakatoka na majembe na mifagio kwenda kumheshimu Wenceslas mbele ya wageni wake, wakaanza pale karibu na mashimo, kwa kuwa ndipo wageni watakaposimama. Walipalia grini mbili, ya nne na ya tisa, wakafagia, wakachoma takataka, wakaimba, na wangezimaliza zote tisa kama Chadia asingefika na chakula cha mzee Ramazani, mlinzi wa uwanja, akaona, akatupa sufuria chini na kulala kifudifudi juu ya grini ya tano ili wampalie yeye kwanza.

Kaka alirudi Jumatatu tarehe 14, na mtumbwi wa mchanga ukimfuata. Watu walikuwa wamejipanga njiani wakingojea sifa. Alitazama, akavua kofia, akapita akimpa kila mmoja mkono na kusema asante, wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu akaketi chini pale kwenye shimo la nne, akachukua udongo kiganjani, akakaa hivyo mpaka Émérance alipokuja kumwinua.

Patroni alifika saa tisa, akiwa amekunja uso, na akasema aliyetoa amri ile ataondoka Kasongo ndani ya gari la polisi. Kaka alijibu maneno haya, na tunayaandika kama alivyoyatamka: "Patroni, ni miye nilituma watu. Acha wao. Unipe siku ine tu, iko namna." Patroni alimwondolea cheo palepale, akampa hizo siku nne. Na shefu wa avenyu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, anasikia kila neno, na hakufungua mdomo.

Kwa siku nne hizo kaka alifanya kile alichojifunza Kabambare. Aliwatuma vijana kwa mafundi wote wa pikipiki sokoni wakusanye mafuta machafu, zikapatikana bidoni tisa, akachekecha mchanga wa Nyangwe, akauchanganya, akaushindilia kwa miguu na wale wale watu sitini, akavuta ubao yeye mwenyewe, na Ijumaa jioni mpira ulitembea juu ya grini mbili nyeusi bila kurukaruka. Madame Régina alizitazama muda mrefu, akaomba fimbo, akapiga mara tatu, halafu akawaambia waliokuwepo kwamba yeye alizaliwa katika kambi ya madini huko Katanga na mchezo huu aliuanzia juu ya mchanga wa namna hii, kwamba grini saba za majani hazina kasoro hata Lubumbashi wangezionea wivu, na kwamba atawaambia wachezaji waje. Tarehe 29 Agosti wakaja kumi na mmoja, kutoka Zambia, Uganda, Kenya na hapa kwetu, mji mzima ukatoka kuwatazama, mwaka uliofuata wakaja kumi na saba, na wafanyakazi arobaini na sita leo ni sabini na wawili.

Cheo hakikurudi. Mkuu mpya wa uwanja, Bwana Kahindo kutoka Butembo, alimkuta kaka, sasa mmwagiliaji mzee anayejua kila jani, akamwomba amfundishe, naye akamfundisha. Mwezi wa Desemba 2023 kaka alizipanda upya zile grini mbili, kwa kidole, akiwa amepiga magoti, kwa mshahara wa kibarua. Na mji, ambao hauna dogo, uliamini kwamba filimbi ile ilipigwa kwa agizo lake, ukampa jina, wakamwita Mzee Jembe, watoto kwa wakubwa, sokoni, njiani, hata siku moja mlangoni mwa kanisa baada ya misa, mtu aliyeng'oa majani yake mwenyewe kwa ujinga, na yeye alikuwa akiitika. Mdogo wake alijaribu mara moja tu kulizungumza, tarehe 25 Desemba mwaka huo, na kaka akamwambia: "Ulisha kuwa shefu, watu wanakuheshimu, kula ugali yako."

Ugonjwa ulianza mwezi wa Januari mwaka huu kwa kuvimba miguu, wakasema ni presha, baadaye wakasema ni figo, alilazwa hospitalini kuanzia tarehe 6 Juni, akaruhusiwa, akalazwa tena tarehe 21 Julai, na katika kitanda alikuwa akiuliza habari za mvua na za grini ya tano, hakuuliza habari zake. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Émérance. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na mdogo mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walifanya walichoweza na dawa walizokuwa nazo, Baba Paroko aliyemletea sakramenti, mashehe waliokuja kumsomea dua bila kuulizwa, Bwana Kahindo na wafanyakazi waliomchangia damu, majirani waliopika, na Patroni Mugisho aliyetoa jeneza na gari. Patroni, hukukosea kukasirika siku ile, ulikosea mtu. Bango lililo kwenye lango la uwanja, lililoandikwa kwamba grini ya nne na ya tisa ziliharibiwa na mkuu wa kwanza, familia inakuomba uliondoe kabla wachezaji hawajatua tarehe 18 mwezi huu.

Marehemu alikuwa Nyangwe tarehe 12 Agosti 2023, na mwenye mtumbwi yuko hapa, mnaweza kumwuliza. Aliyepiga filimbi, bila kutumwa na mtu, ni Iliasi, huyu huyu anayewasomea, ambaye kaka yake alimwachia shule, akamwachia kichwa cha samaki, na mwisho akamwachia jina lake jema alivae miaka miwili, naye akalivaa. Mjane alilijua jambo hili juzi tu, kwa kinywa cha Iliasi mwenyewe, akalia, halafu akaleta karatasi na kalamu. Kwa hiyo kuanzia leo mtu yeyote wa Kasongo akimwona Iliasi sokoni amwite Jembe, kwa sauti, mbele za watu, naye ataitika.

Kaka Wenceslas, mkuu wa uwanja, pumzika na jina lako.