Uvimbe ya Honoré Imeshuka

YANNICK: Haloo? Unaongea na mulinzi mukubwa wa kichwa ya kaka yangu Honoré! Macho yangu haijafunga tangu jana, muguu yangu haijatoka mu nyumba. Ni nani?

SÉRAPHINE: Ni mimi.

YANNICK: Mimi gani? Ba-mimi wako wengi mu Bukavu.

SÉRAPHINE: Yannick, ni dada yako Séraphine.

YANNICK: Eeeh, Ya Séra! Jambo sana! Namba sikuijua.

SÉRAPHINE: Nimeazima simu. Yangu imezima.

YANNICK: Habari ya Luvungi? Muchele ya shangazi imevunwa ao ndege ndio—

SÉRAPHINE: Honoré iko aje?

YANNICK: Ah, dada! Hata "umeamuka" hakuna?

SÉRAPHINE: Umeamuka. Honoré iko aje?

YANNICK: Bien! Bien kabisa! Ile uvimbe ya paji, ile aliokota wakati pikipiki ilimuangusha ku mutelemuko ya Kadutu, imeshuka! Nilikanda na maji ya moto na chumvi, mimi mwenyewe, na hii mikono. Sasa paji yake iko laini kama ya askofu.

SÉRAPHINE: Ile ni uvimbe ya inje.

YANNICK: Kuko ingine?

SÉRAPHINE: Dokta alitueleza sisi wote wawili! Lakini wewe ulikuwa unachezea kile chombo chake cha kusikilizia moyo.

YANNICK: Nilikuwa natafuta moyo yako, nikakosa.

SÉRAPHINE: Sikiliza. Ya inje iko na nafasi, ngozi inanyooka. Ya ndani haina nafasi, mufupa haisogeake. Ubongo ikiumia, mwili inatuma askari wa kuilinda, alafu ile askari njo wana—

YANNICK: Shhht! Dada! Mambo ya askari haisemwake mu simu!

SÉRAPHINE: Askari wa mu damu, wewe! Siku ya kwanza wanasaidia. Siku ya pili wanajenga. Siku ya tatu wanakula mbuzi ya wenyeji, na hakuna mwenye anaweza kuwafukuza.

YANNICK: Basi hata mu kichwa hatuko na amani. [anacheka]

SÉRAPHINE: Ndio maana alisema mutu asiachane naye siku tatu. Amwamushe, amuulize maswali. Ulimuuliza?

YANNICK: Kumuuliza? Nilimuuliza mupaka nikachoka! Na pale njo utacheka, ngoja. Namuuliza: "Honoré, leo ni siku gani?" Ananijibu: "Kinshasa."

SÉRAPHINE: Kinshasa?

YANNICK: Kinshasa, dada! Honoré! Mutu mwenye hajafanya mzaha tangu batizo! Namuuliza tena: "Na mimi, mimi ni nani?" Ananiangalia, ananiangalia... "Papa, umerudi?" Papa mwenye tulizika! Mimi nami unanijua, siachake mutu acheze yeye peke. Nikachukua sauti ya Papa, ile ya kukohoa: "Ndiyo mwanangu, nimerudi, viatu ndani ya nyumba ni ya nani?" Akaanza kulia. Acteur kabisa!

SÉRAPHINE: Alilia.

YANNICK: Machozi ya kweli-kweli! Kisha akatapika sombe yote, majani ya muhogo nzima. Ile simulaumu, ilikuwa sombe yangu, niliipika— Haloo? Réseau imekatika?

SÉRAPHINE: Niko. Ilikuwa lini?

YANNICK: Lini nini?

SÉRAPHINE: Kinshasa. Papa. Kutapika. Ilianza lini, Yannick? Fikiri muzuri mbele ya kujibu.

YANNICK: ...Leo. Leo asubui. Kidogo tu. Sasa imepita.

SÉRAPHINE: Na leo asubui ulikuwa naye.

YANNICK: Pembeni yake! Ningekuwa karibu zaidi, wangetuandika mutu moja.

SAUTI YA NYUMA: Nakula mbili! Cheza, Yannick!

SÉRAPHINE: Nani anakula mbili?

YANNICK: Honoré. Mayai. Anakula mayai mbili. Njaa imerudi, dada, ile ni dalili muzuri.

SÉRAPHINE: Na "cheza, Yannick"?

YANNICK: Radio.

SÉRAPHINE: Radio inajua jina yako.

YANNICK: Ni radio ya kartye, ya mutaa wetu, inajua kila mutu. Na wewe, kule kwako nini inalia bip, bip? Luvungi wamepata courant ya umeme, sisi watu wa mji tunapika na makaa?

SÉRAPHINE: Achana na Luvungi. Mupatie Honoré simu.

YANNICK: Amelala.

SÉRAPHINE: Analala na mayai mu kinywa?

YANNICK: Amemaliza sasa hivi. Unajua mutu akishiba—

SÉRAPHINE: Mwamushe. Njo kazi tulikupatia, hakuna ingine. Nisikie sauti yake, roho yangu itulie.

YANNICK: Sawa. Ngoja. Honoré! Honoré-eee! Amuka, dada iko ku simu! Anakuja, dada. Anajikokota. Unajua vile anatembeaka. [anakohoa]

YANNICK (sauti nzito, ya puani): Séraphine. Bonjour.

SÉRAPHINE: ...Honoré?

YANNICK (puani): Njo mimi. Usikuwe na wasiwasi. Yannick ananichunga sana. Ule petit, mudogo wetu, iko na moyo, hatumuheshimu vile inafaa. Ukirudi, umununulie viatu.

SÉRAPHINE: Kichwa haikuume?

YANNICK (puani): Hata kidogo. Uvimbe imeshuka.

SÉRAPHINE: Na uko wapi sasa, Honoré?

YANNICK (puani): Mu kitanda yangu, dada. Namutazama Yannick vile anakonda juu yangu.

[Bip. Bip. Bip.]

HONORÉ (mbali, pole-pole): Séra... ule... ni nani?

SÉRAPHINE: Yezu Mariya!

HONORÉ: Anaongea... na sauti yangu.

SÉRAPHINE: Dokta! Dokta, kuya hapa, amesema! Amefungua macho, ameniita jina!

YANNICK (puani): Dada, mimi ninge— [na sauti yake] Dada? Dokta gani? Uko wapi?

SÉRAPHINE: Ku urgences, Yannick! Ku hospitali! Maman Agathe, jirani wa pembeni, njo alimukuta ameanguka ku mulango, na kiatu moja, hajue hata anaitwa nani. Nimetoka Luvungi juu ya pikipiki, vumbi iko mupaka mu meno yangu. Wamemutundikia serum ku mushipa, dawa ya kushusha ile uvimbe ya ndani, na tangu aingie hapa hajatoa neno. Hata moja! Ya kwanza njo ile umesikia.

YANNICK: Kwa hiyo... simu ni ya...

SÉRAPHINE: Ya dokta. Iko ku haut-parleur, sauti wazi. Mambo ya mayai ameisikia yote.

YANNICK: Bonjour, dokta.

SÉRAPHINE: Hakuna bonjour! Anauliza tena, na safari hii anauliza wewe, haulize radio. Kinshasa na Papa na kutapika: ilianza lini? Kwa ile jibu njo wataamua kama wanamupeleka kufungua kichwa leo, ao wanaweza kungoja. Ukidanganya sasa, unadanganya mu kichwa yake.

YANNICK: Jana.

SÉRAPHINE: Jana wakati gani?

YANNICK: Jana kisha chakula ya midi. Niliwaza anacheza, dada! Nilijisemea, mwishowe tuko wacheshi wawili mu famille. Nikatoka kidogo, niende kuielezea watu.

SÉRAPHINE: Ukatoka kidogo.

YANNICK: Walicheka sana. Alafu mvua ikanyesha. Alafu nikalala kwa rafiki yangu Floribert. Alafu asubui... Floribert akatoa ubao ya dame, ile ya kula kete.

SÉRAPHINE: [kwa mutu mwingine] Jana mchana, dokta. Ndiyo. Peke yake, ndiyo. Ndiyo, usiku yote.

SAUTI YA NYUMA: Yannick, unacheza ao hapana?

SÉRAPHINE: Mwambie Floribert hapana.

YANNICK: Nakuja! Niko njiani, hii niko nakimbia. Dokta anasema nini? Dada! Anasema nini?

SÉRAPHINE: Amemumulikia macho. Anasema kwanza tungoje, wamuangalie mupaka jioni. Lete blanketi. Na kile kiatu kingine.

YANNICK: Mupatie simu. Tafazali, Ya Séra. Kidogo tu.

SÉRAPHINE: Inite ya dokta, ile salio ya simu, inaisha.

YANNICK: Neno moja!

SÉRAPHINE: ...Honoré, ni Yannick. Yannick mwenyewe.

YANNICK: Grand? Kaka Honoré? Ni mimi. Unanijua? Mimi ni nani?

HONORÉ: ...

YANNICK: Honoré, hata useme Kinshasa, si kitu. Sema tu.

HONORÉ: Yannick.

YANNICK: Ndiyo! Ndiyo, grand!

HONORÉ: Mimi... sisemake... na pua.

[Simu inakatika. Tii. Tii. Tii.]