Jiwe Moja, Herufi Moja: Maisha ya Ina Guru Veronika Tuto

Tok. Kisha kimya kidogo. Kisha tok.

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyoanza Lewokemie kwa miaka zaidi ya arobaini: jiwe la mkononi likishuka juu ya jiwe la chini, na katikati yake punje moja ya hindi, ya moto, iliyotolewa chunguni kwa vidole vitupu. Kila jiko la kwetu huponda mahindi, lakini jiko la marehemu lilijulikana kwa kile kimya cha katikati. Ndani yake palikuwa na mtoto anayefikiria herufi inayofuata.

Marehemu Veronika Tuto, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Ina Guru, yaani Mama Mwalimu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 hapa hapa Lewokemie, kwenye mteremko wa mlima Ile Boleng, kisiwani Adonara. Alikuwa binti wa tatu wa Ama Laga na Ina Peni. Baba alilima, mama alifuma. Nyumbani mwao hapakuwa na maandishi ya aina yoyote isipokuwa yale ya kopo la biskuti lililotunziwa sindano. Kabla hajatimiza miaka sita, Tuto alikuwa ameyanakili maandishi yote ya kopo hilo ukutani kwa mkaa. Baba yake alimchapa kwa kuchafua ukuta. Lakini ukuta wenyewe hakuufuta, na jua lilipokuwa likizama alikuwa akikaa mbele yake na kuutazama.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1959 hadi 1965, akaendelea kwa masista huko Larantuka, ng'ambo ya mlango wa bahari, na akahitimu ualimu Desemba 1971. Katika mwaka wake wa kwanza huko aliwaandikia wazazi barua kuomba viatu, kwa kuwa barabara ya bweni ilikuwa ya moto na wenzake walikuwa wakimcheka. Wazazi waliipeleka barua kwa katekista, mtu mwema aliyependa tembo, ile pombe inayogemwa kwenye mti wa mvumo, na siku hiyo alikuwa amekwisha maliza bakuli la pili. Akawasomea kwamba binti yao ni mzima, ana furaha, na hana haja ya kitu chochote. Ama Laga alimshukuru Mungu, akarudi shambani. Tuto alitembea peku mwaka mzima. Alipenda kutusimulia kisa hicho akicheka, lakini kila mara alikimalizia kwa kutuonyesha kovu kwenye unyayo wa kushoto.

Januari 1972 aliajiriwa katika shule ya msingi ya Lewokemie, akapewa darasa la kwanza na la pili, na hakuyaacha hadi alipostaafu mwaka 2012. Vitabu vilikuwa vitatu kwa watoto arobaini. Basi akawakusanya jikoni kwake kabla ya kengele ya shule. Yeye alitaja neno. Mtoto alitaja herufi moja. Jiwe likapiga punje moja. Ukipatia, punje ilikuwa yako, bapa na ya moto. Ukikosea, ilikwenda kwa kuku. Ndiyo maana kijiji kizima kilijua maendeleo ya darasa kwa kutazama kuku wa Ina Guru: mwanzoni mwa mwaka walinenepa hata wakashindwa kuruka uzio, na mwishoni mwa mwaka walikonda na kwenda kuomba kwa jirani. Ina Ose, jirani yake wa mlango kwa mlango, alikuwa na maneno makali tangu ujana wake. Mwaka mmoja alimwambia kwamba angependa kununua jogoo, ila anangoja kwanza lije darasa jinga.

Tarehe 9 Oktoba 1975 alifunga ndoa na Petrus Suban, mgema wa mivumo, baada ya ukoo wa mume kuleta mahari ya pembe ya ndovu kama inavyopasa. Mungu hakuwajalia mtoto. Suban hakujua kusoma. Mkewe alijaribu kumkalisha pale jikoni pamoja na watoto, naye akacheka, akasema punje zote zitaliwa na kuku na yeye atakwenda kugema na njaa. Akapanda mvumo wake. Mkewe akamwachia, akidhani muda upo. Tarehe 3 Mei 1980 Suban aliondoka na meli kwenda Tawau, nchi ya jirani, pamoja na wanaume wengine saba wa hapa, kufanya kazi kwenye mashamba ya michikichi. Alisema atakaa misimu miwili.

Barua zilianza kuja mkononi mwa watu waliorudi. Wake wa wanaume wale wanane, saba hawakujua kusoma, na wa nane alikuwa Ina Guru. Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya soko walikuja kwake mmoja mmoja, akawasomea mlango ukiwa umefungwa. Na hapo ndipo upweke wake ulipoanza, upweke ambao sisi tulioishi naye ukuta kwa ukuta hatukuutambua. Barua zote nane zilikuwa za mwandiko mmoja, wa karani wa kambi. Na karani yule, mtu wa maneno mazuri, aliwaandikia wote sentensi ile ile: Nakukumbuka kama shamba la mahindi linavyoikumbuka mvua. Kila mke alipoisikia aliinamisha kichwa na kutabasamu, akaomba arudiwe. Ina Guru akairudia mara saba kwa sauti yake, kana kwamba kila mara ilikuwa mpya. Kisha akabaki na yake. Alikaa na siri hiyo miaka saba, na katika miaka hiyo saba aliwafundisha watoto kwa ukali ambao hatukuuelewa. Aliingia nyumba kwa nyumba kumtafuta mtoto aliyekosa asubuhi moja tu.

Mambo yalijulikana Julai 1987. Ilikuwa wiki ya arusi, na wanawake sita walikuwa wakiponda mahindi uani kwa Ina Ose. Siku hiyo Ina Ose alitaka kumringia Ina Barek, mwenzake ambaye mumewe naye alikuwa Tawau, kwa hiyo alimwita bintiye Kewa, wa darasa la pili, asome barua ya baba mbele ya watu. Kewa alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Alipofika kwenye shamba na mvua, mtoto wa Ina Barek akadai kwamba hiyo ni barua yao, imeibwa. Wakataka kupigana. Ina Barek akatoa ya kwake kwenye pindo la sarungi, mwanawe akaisoma, nayo ilikuwa vilevile, neno kwa neno. Mawe yakasimama.

"Barek mwenzangu," Ina Ose akasema, "kumbe tumeolewa na bwana mmoja?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha kicheko kikawaishia wote kwa pamoja, na Ina Ose akageuka kumtazama mtu aliyekuwa amekaa karibu na chungu.

"Wewe ulikuwa unatusomea zote. Ulijua."

"Nilijua."

"Na ya kwako inasemaje?"

Ina Guru aliinuka, akaenda kwake, akarudi na barua ya Suban. Hakuisoma. Alimkabidhi Kewa, naye Kewa akaisoma hadi mwisho, shamba na mvua yake. Baadaye Ina Ose akaliokota jiwe lake, akasogea kidogo kwenye mkeka kumpa nafasi, akasema, "Haya, kaa basi. Mahindi yanapoa."

Wiki hiyo hiyo wake wote wanane walipeleka barua Tawau, safari hii zikiwa zimeandikwa na watoto, kila mmoja akimwomba baba aweke kitu cha mkono wake mwenyewe. Ina Guru aliandika ya kwake: Suban, usimpe karani. Chora chochote. Majibu yalichukua miezi. Wanaume watatu waliandika majina yao. Mume wa Ina Barek alichora kuku, na Ina Barek aliibandika picha hiyo juu ya kitanda, ipo hadi leo. Wengine waliendelea na karani. Kwa Ina Guru haikuja kitu. Haikuja hata ile sentensi.

Watu walisema Suban ameoa huko. Wengine walisema ameona aibu. Ina Guru hakubishana na yeyote. Aliweka chungu motoni kila asubuhi, na watoto walikuja. Wanafunzi zaidi ya elfu moja walipita mikononi mwake, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia darasa la tatu bila kuandika sentensi moja ya kwake mwenyewe, ambayo hakuiazima kwa mtu. Lakini mara moja, Kewa alipokuwa mwalimu kijana katika darasa la jirani, Ina Guru alimwuliza, "Mtu akikuletea ulichomwomba, na mwingine akamsaidia kukibeba, unamrudisha?" Tangu siku hiyo Kewa alielewa kwamba Ina Guru aliamini ni barua yake ndiyo iliyomnyamazisha mumewe.

Mwaka 2011 alirudi Ama Boli, mmoja wa wale wanane, akiwa mzee. Alileta habari kwamba Suban alikufa kwa homa mwaka 1988, na kuzikwa shambani huko. Kama aliipata ile barua ya mwisho au hakuipata, Ama Boli hakujua, na Ina Guru hakumwuliza mara ya pili. Ila aliongeza jambo jingine, kama mtu anayesema kitu kisicho na uzito: Suban alikuwa amehamishiwa kambi ya mbali tangu mwaka wa pili. Siku ya mapumziko ilikuwa moja kwa mwezi. Alfajiri ya siku hiyo Suban alianza kutembea, akafika kwa karani saa sita mchana, akasubiri zamu yake, na jua likazama akiwa bado njiani kurudi. Wenzake walimtania kwamba karani ndiye mkewe.

Macho ya marehemu yalianza kufifia mwaka 2015 kwa kisukari. Mwaka 2018 hakuona tena, lakini aliendelea kuponda, na watoto waliendelea kuja, kwa kuwa masikio yake hayakukosea. Mei mwaka huu miguu ilivimba, akalazwa wiki mbili Larantuka, akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumamosi tarehe 22 Juni 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Marehemu ameacha mdogo wake Ama Kopong, wapwa watano, wajukuu wa ukoo kumi na mmoja, jirani yake Ina Ose, ambaye tangu juzi hajatania mtu, Mwalimu Kewa aliyemtunza, na kuku saba. Ameacha pia kijiji ambamo hakuna anayefunga mlango ili asomewe. Bwana ampokee mahali ambapo hakuna wa kumngoja wala cha kungoja, na ardhi ya Lewokemie imlalie nyepesi.

Kewa ameomba jambo moja lisomwe mwisho. Alhamisi, siku mbili kabla ya kifo, Ina Guru alimwomba aitoe barua ya Suban na kuisoma. Kewa aliisoma kama alivyoisoma alipokuwa na miaka minane. Alipofika kwenye shamba la mahindi na mvua, aliishusha karatasi, akasema hawezi kuendelea, maana hayo si maneno ya Suban.

Ina Guru aliipapasa karatasi kwa vidole, pale kwenye mkunjo.

"Maneno yalikuwa ya karani, mwanangu," alisema, taratibu kabisa. "Miguu ilikuwa yake."