Getruda wa Bomani na Wanawe Wawili

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mfaranyaki na nyote mliotoka mbali, anayesimama mbele yenu ni Polikarp Fusi, mdogo wake marehemu, naye anaomba utulivu wenu na subira yenu, kwa sababu kabla jeneza halijatoka hapa nyumbani kwenda kanisani ni lazima dada yake asemwe kama alivyokuwa.

Marehemu Getruda Fusi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Mshangano, akiwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya wakulima wa mahindi, akabatizwa mwaka huohuo, akaanza darasa la kwanza mwaka 1966, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976 hapahapa Songea, kisha akaenda Tabora kusomea uhazili, na wale waliomwona akirudi likizo wanakumbuka jinsi alivyoturekebisha kila neno tulilosema, hata akawa kero kweli.

Tarehe 1 Julai 1979 aliajiriwa katika ofisi ya wilaya Tunduru, akahamishiwa Songea mwaka 1983, na huko bomani ndiko alikokaa mpaka anastaafu mwaka 2018, akishughulikia matangazo ya ndoa za serikali, yaani zile za watu ambao dini zao zilikataa kuwafungisha, na wachumba walipofika wakitetemeka aliwaambia wakae, wanywe maji, maana serikali haina dini, dini wanazo watu, na kila mtu ataikuta yake nje atakapotoka. Msidhani alikuwa mtu wa kubeza dini, jamani, misa ya kwanza kila Jumapili hakuikosa, na jumuiya yetu ndogo ndogo aliiongoza miaka na miaka.

Tarehe 24 Novemba 1984 alifunga ndoa kanisani na mwalimu Kajetani Luambano, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2008, wakajaliwa watoto wawili, Dorine aliyezaliwa mwaka 1986, na wa pili aliyezaliwa mwaka 1989, na huyo wa pili ndiye aliyetukalisha kikao cha ukoo jana mchana kutwa.

Mwaka 1996 alifika bomani kijana mmoja Mkatoliki na mchumba wake Mwislamu kutoka Tunduru, kijana akiwa amekataliwa na wakwe, amekataliwa parokiani, amekataliwa na baba yake mzazi, akalia kwenye benchi mbele ya watu, na wazee wa pande zote mbili walipomfuata marehemu kumtaka alibandue lile tangazo la ndoa, aliwajibu kwa heshima, shikamoo zote akatoa, lakini tangazo halikubanduka. Kijana yule ni Valence, mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye baadaye ndoa yake ilibarikiwa kanisani, na ambaye leo amekaa pale mbele, na mkewe Zena yuko hapa, tunawasalimu wote wawili.

Tarehe 15 Machi 2019 marehemu alikuwa Afrika Kusini, ambako mwanawe wa pili, muuguzi, alifunga ndoa ya serikali na mwanamume mwenzake, jambo ambalo sheria ya kule inaliruhusu na ya kwetu hairuhusu, na marehemu hakwenda kubishana na sheria ya mtu, wala hakurudi kumwomba padri baraka, alikwenda kwa sababu mwanawe alimwita, akavaa kitenge chake kizuri, akasimama kama mzazi, akapigwa picha. Aliporudi, moyo ukiwa umemjaa, alimtafuta mtu mmoja tu wa kumwonyesha, mtu ambaye aliamini anajua maana ya kukataliwa na wote, akamwonyesha Valence, naye akaomba atumiwe ile picha apate kuwaombea, na Jumapili iliyofuata picha ilikuwa kwenye kila simu ya mwanajumuiya.

Tangu hapo zamu ya sala ikawa inaruka nyumba hii kana kwamba hakuna mtu, na alipoanza kuugua figo mwaka 2023 hakuja mwanajumuiya hata mmoja kumjulia hali, ewe Mungu, mtu aliyekesha kwenye misiba yenu! Ilimuuma, tena sana, na alisema hivyo wazi, kwamba figo anaweza kuzivumilia lakini siyo Valence. Alifariki tarehe 2 Juni 2025 katika hospitali hapa mjini, akiwa ameshika mkono wa mdogo wake, na ombi lake la mwisho lilikuwa moja, kwamba siku ya kusomwa historia yake asipunguziwe mtoto.

Sasa jana mwenyekiti alikuja kikaoni akasema jumuiya itaimba, itabeba na itazika, na neno lake litafika kwa paroko ili misa iwepo, ila jina la yule mtoto lisisomwe, na ukoo, damu yake mwenyewe, ukaitikia eti tusiharibu mazishi, hata mtoto mwenyewe akatuomba tusigombane kwa ajili yake, akaenda kukaa kule nyuma penye masufuria kama mpita njia. Polikarp hakujibu kitu jana, anajibu leo, na mwenyekiti akitaka kupiga simu parokiani apige sasa hivi, misa ikikosekana tutasali wenyewe, na kaburi tutafukia wenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa bomani waliofika wote, na jirani yetu Bi Ashura, ambaye kwa miaka miwili alimletea uji kila asubuhi na kumwogesha, bila kumuuliza wanawe wameolewa na nani.

Marehemu ameacha watoto wawili, Dorine na Remmy, na wakwe wawili, Leo, mume wa Dorine, na Otto, mume wa Remmy. Remmy, toka huko nyuma, baba, njoo ushike jeneza la mama yako. Nawe dada, pumzika, wanao wametimia.