Ombi la Kuachiwa Linux Iliyokwisha Kupangwa

Mgeni rasmi, shikamoo. Tumeanza kwa sala kama kila jioni, kwa hiyo tunasoma bila woga.

KARIBU
Karibu Mabatini, kwenye darasa letu la watu wazima. Kompyuta ulizotupatia zote ni nzima na tunaziombea.

TULIKOTOKA
Zilikuja zikiwa na Linux tupu, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta usio na programu nyingine: kioo cheusi na kistari kinachowaka na kuzima. Jioni ya kwanza tulidhani zimeharibika, tukaziwekea mikono. Mwalimu Nestory akatueleza kuwa ndivyo ulivyoagiza, ili kila mwanafunzi aongeze programu mojamoja kwa kuchagua mwenyewe, apate kuelewa.

Tulichagua. Bernadeta Shimba, fundi cherehani na katibu wa kwaya, alipoulizwa anataka programu ipi ya kupanga madirisha ya kwenye kioo, aliuliza wenzake wanatumia ipi. Akaambiwa kila mtu na yake. Akaomba muda, akafunga na kuomba. Muhula ulipoisha, darasa zima tulikuwa na programu moja tu: ya saa.

MAFANIKIO
Ndipo mwenzetu Salum akaja na flashi yenye Linux iliyokwisha kupangwa, kila kitu kimo. Aliianzisha kwenye kompyuta ya Bernadeta, akaenda kuswali magharibi. Aliporudi, Bernadeta alikuwa anachapa nyimbo za kwaya. Mwalimu alimwambia kwa upole kuwa kwa njia hiyo hatajua kilichomo ndani.

"Mwalimu," akasema Bernadeta, "gauni la mtumba nalivaa kwanza, naenda nalo kanisani. Likinibana ndipo nafumua mshono, na hapo ndipo najua lilivyoshonwa."

Ameshafumua. Ameondoa michezo, amekuza herufi, na wiki iliyopita alifungua kile kioo cheusi kwa hiari yake.

CHANGAMOTO
Tumesikia umekuja na fundi, na kwamba kesho atazirudisha zote kwenye Linux tupu. Bernadeta ameanza tena kufunga.

OMBI
Mgeni rasmi, hatukatai kuelewa. Tunaomba tuelewe tukiwa tumeshavaa.

Kompyuta moja tumeiacha kama ulivyoileta, kwa heshima yako. Mwalimu bado anaijenga. Saa yake ni sahihi.

Ratiba uliyoishika mkononi, yenye jina lako na vyeo vyako vyote, Bernadeta aliichapa jana. Ya kukuaga bado hajaianza.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Ambariki na fundi wako, ambaye tumemtaja kwenye sala mara nyingi kuliko wewe, utusamehe.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Jioni la Watu Wazima, Mabatini, Mwanza.