Neno Nililomfutia Agathe

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Sapna, inua mto kidogo, hivyo, inatosha. Na wewe Paresh, acha kutazama simu, mteja asiyeweza kungoja nusu saa aende duka la jirani. Nitasema Kiswahili. Najua humu ndani tumezoea Kigujarati, na najua nyinyi mliozaliwa hapa London mtanijibu kwa Kiingereza, lakini Agathe amekuja kunisikiliza na sitaki atafsiriwe, na Kiingereza ndiyo lugha niliyomkosea nayo.

Duka la chini hapa Kingsbury ni lenu wawili, sawa kwa sawa, kama alivyotaka baba yenu Chaman, na msigombane juu yake mbele ya wateja. Lakini chumba cha juu si cha kupangisha. Paresh, habari za yule daktari wa meno nimezisikia. Mwambie hapana. Chumba kile ni cha darasa.

Nyinyi mnakijua kikiwa na meza nzuri na picha za wahitimu ukutani. Mimi nakijua kikiwa stoo ya mchele, mwaka elfu mbili na moja, wanafunzi sita wamekalia magunia, wakiwemo Jaspreet, Sufian, na Kizito aliyekuwa akitoka moja kwa moja kazini kwenye nyumba ya wazee, bado amevaa sare. Magazeti ya mji huu yalikuwa yakitupigia simu, ndiyo, yakitaka kujua tumepika nini Diwali. Hakuna aliyetuuliza tunaonaje kuhusu shule, au kodi za nyumba, au vita. Nikasema basi, tutajifunza kuandika tunavyoona. Kila Jumamosi mtu alisoma makala yake kwa sauti, kwanza kwa lugha ya mama yake, halafu kwa Kiingereza, na tukisikia mahali alipopunguza makali njiani, tunamrudisha. Baba yenu alikuwa akileta chai ya tangawizi na kujifanya hasikilizi. Nilikuwa na furaha miaka ile, wanangu, furaha ambayo sikuwahi kuwaambia. Na katika wote waliopita pale, hakuna aliyekuwa na kalamu kama ya Agathe.

Agathe, usitazame chini. Hawa hawajui kilichotokea, walidhani ulichoka ukaacha. Uliandika juu ya wanawake wanaosafisha maofisi kabla wenye meza hawajafika, wewe na Reine na wenzenu, na kila mstari ulisema sisi: sisi tunaookota vikombe vyenu, sisi msiotujua majina. Mhariri wa gazeti aliikubali makala ile. Na mimi, niliyekuwa nikiisahihisha kabla haijachapwa, bila kukuuliza, nikafuta kila sisi nikaweka wao, kwa sababu nilidhani mwandishi wa maoni akisimama pembeni kidogo ataaminika zaidi. Ikachapwa, ikasifiwa. Asubuhi yake Reine, aliyekupa nusu ya maneno yale, akahama kiti kwenye basi asikae nawe. Ukaja kwangu na gazeti mkononi ukaniuliza kwa Kiswahili cha kwenu, "Mama, hao wao njo banani? Si njo siye?" Uliuliza hao wao ni akina nani kama si nyinyi wenyewe, nami nikakujibu kuwa ndivyo kazi ilivyo. Hukurudi tena kwa miaka kumi na mmoja.

Nimejiuliza mkono ule niliutoa wapi. Niliutoa Kisumu, dukani kwa baba yangu. Upande huu wa kaunta tulikuwa sisi, upande ule walikuwa wao, na wao hao ndio walionibeba mgongoni, wakanifundisha lugha hii ninayosema sasa, na sikuwahi kuona ajabu. Nikaja hapa, mwenye nyumba wetu wa kwanza akasema mbele yangu kuwa wao wananuka vitunguu, nikalia wiki nzima. Nikajenga darasa zima ili asiwepo mtu wa kuitwa hivyo. Kisha nikakufanya uwaite wenzako hivyo, chini ya jina lako mwenyewe. Nisamehe, mwanangu. Sisemi haya kwa sababu nakufa; nilipaswa kuyasema siku ile ile, na niliona aibu, basi.

Sasa shikeni hili. Darasa ni la Agathe, kama atalikubali. Sapna, najua ulitegemea liwe lako. Una akili na mpangilio, msaidie, lakini hujawahi kufutiwa neno, na anayefundisha pale inafaa aujue uchungu wake. Akikataa, msimlaumu, wala msimsumbue kwa simu. Makala yake ichapeni upya katika kijitabu chetu cha darasa, kila sisi mahali pake, na chini muandike ni nani aliyefuta. Jina langu kamili.

Na taazia yangu... ngoja, maji... asante. Taazia yangu aiandike Agathe, kama ana moyo huo. Aseme nilikuwa mbishi, aseme lolote. Sapna, ukiletewa, usiguse hata koma.

Nimechoka. Mungu awape... awape chakula cha kutosha, na mtu wa kula naye. Paresh, punguza ukali kwa mkeo. Sapna, ulale, macho yamekuvimba. Hamkunikosea kitu, nyote wawili, nawaachia moyo mweupe... Agathe, mbona mpaka sasa umevaa koti? Humu mna joto. Kama unaondoka, nenda salama, sikushiki. Kama...

Haya. Haya, livue, mwanangu. Paresh, mpokee dada yako koti.